Chini ya Arobaini, Njoo na Mama

Luzira, Kampala

Mama yangu Nangila,

Kwanza nakupigia magoti, ndipo niandike. Hujambo, Mama? Goti lako la kushoto linakuruhusu kufika kisimani, au bado unamtuma mtoto wa jirani? Na ile simsim yako, ule ufuta uliosema umeota vizuri upande wa mtoni, mvua haijailaza? Kila nikisikia radi huku naiwaza simsim yako kuliko hata nguo zangu zilizo kwenye kamba.

Sisi tu wazima, ila wazima wa kuchoka. Mkweo Ogwal yuko majini na ile meli inayobeba mabehewa ya treni. Akitia nanga Port Bell analala kama gogo, na kabla sijamweleza habari za nyumbani anaitwa tena, Mwanza. Mjukuu wako Lakica anaota meno. Moja limeshatokea chini, jeupe kama punje ya mchele, na la pili linatutesa mimi na yeye. Nikimbeba ananing'ata bega, nikimlisha ananing'ata kidole, na juzi amemng'ata Hajati, mwenye duka ninapofanya kazi. Hajati hakukasirika, akasema sasa ndiyo tumepata mlinzi wa kweli. Ukiona mistari yangu inapanda na kushuka, jua yuko mapajani anagombania kalamu.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Mama, simu yako ina sauti ya tarumbeta. Ukiipokea wewe, kwa Baba mdogo Okidi wanaitikia. Na haya si maneno ya kutangazwa. Laker anayekuletea barua hii ni muuguzi, jirani yangu, anakwenda likizo kwao Gulu, na ni mtu wa kufunga mdomo. Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha kambi ya jeshi Makindye, kile kilichowakutanisha wewe wa Busia na marehemu Baba wa Omoro, na sisi watoto tukakinyonya. Isome ukiwa peke yako, usimpe mtu akusomee hata kama macho yanalalamika. Isome polepole.

Nataka kukueleza habari za Olal, mwanao. Lakini habari zake hutazielewa kabla sijakueleza duka.

Unajua nipo kwa Hajati Naila tangu kabla sijaolewa. Ulipokuja ulimwona, yule mama mnene wa ushungi mweupe aliyekuita dada kabla ya kujua jina lako. Duka lilikuwa la baba yake, marehemu Mzee Uthman, ambaye wazee wake walitoka pwani na biashara zamani hata wenyewe hawahesabu. Mzee aliuza nyavu, ndoano, na bunduki za wawindaji. Siku hizi ndoano zimebaki dirishani tu. Tunachouza ndani ni bunduki, kwa ruhusa ya serikali, na polisi wanakuja kukagua hata risasi iliyobingirika chini ya kabati. Mwanzo niliogopa. Sisi tulikulia kambini, bunduki kwetu ilikuwa kitu cha kuegemezwa ukutani Baba akioga, lakini kuziona zimepangwa kwenye kioo na kufutwa vumbi kama sahani za wageni, hilo lilinishinda. Nikazoea. Sasa ninayefuta vumbi ni mimi.

Serikali ina umri wake wa kununua bunduki, Mama, na mnunuzi lazima awe na karatasi zake zote za polisi, hilo halina mjadala. Lakini Hajati ana umri wake mwingine juu ya ule wa serikali. Hakuna aliyemlazimisha. Mlangoni pameandikwa kwa rangi nyekundu: UMRI WETU NI ALOBAINI. CHINI YA HAPO NJOO NA MAMA. Fundi wa rangi alikuwa Muganda, akaweka L pahali pa R, na askari wetu wa mlangoni, Wandera, akataka aitwe arekebishe. Hajati akakataa. Alisema anayesimama kucheka ameshasoma.

Na kweli wanacheka. Wapo wanaosema siku za mwizi ni arobaini, kumbe na za mnunuzi pia. Wenye maduka wengine wanamwita Hajati wa Chekechea. Kijana mmoja wa suti na miwani alimwuliza kama aje pia na chupa ya maziwa. Wandera akamjibu kwa niaba ya duka kwamba maziwa yapo ndani, mama tu ndiye amekosekana. Wandera ni wa kwenu Busia, kwa hiyo ananiita mpwa na kujipa haki zote za mjomba, hata ya kunikemea nikisahau kula.

Kwa nini arobaini, nilimwuliza Hajati mwenyewe. Akaniambia ndani ya Kitabu chao kuna aya moja inayomtaja mama aliyebeba mimba kwa taabu na akazaa kwa taabu, na aya hiyo hiyo inaendelea mpaka kwa mtu aliyefika miaka arobaini, anayemshukuru Mungu kwa ajili yake na wazazi wake. Mama na arobaini viko pamoja, akasema, yeye ni nani avitenganishe.

Hiyo ndiyo sababu anayowapa watu wote. Ile nyingine alinipa siku moja ya mvua, duka halina mtu, tunakula muhogo. Zamani kidogo, kabla sijaajiriwa, aliuza bunduki kwa kijana mwenye karatasi zilizonyooka. Alikuwa mpole, alishukuru, alimfungulia mlango mteja mwingine. Baadaye akaja mwanamke amebeba kitu kirefu kilichofungwa ndani ya mkeka. Akakilaza juu ya kaunta, akaufungua mkeka, na bunduki ilikuwa ndani. Hajati alipoiona tu aliijua. Yule mwanamke hakulia na hakutukana. Alisema maneno haya tu: "Ulimwuzia mwanangu, hukuniuliza. Ungeniuliza, ningekuambia." Akakunja mkeka wake, akaubeba kwapani, akaenda. Hajati hakupata nguvu ya kumfuata amwulize kulitokea nini na kwa nani. Aliita polisi waichukue ile bunduki, akafunga duka, akakaa ndani na mlango umefungwa. Alipofungua tena, aliita fundi wa rangi.

Basi, kazi yangu hapo ni akina mama. Wakija nawapokea, nawapa maji, nawakalisha kwenye kiti cha mto wa kijani. Hajati anaitoa bunduki, anaifungua waone haina kitu ndani, kisha haiweki mezani. Anaiweka mapajani mwa mama. Anasema, ipakate, mama. Mwana anasimama mlangoni na Wandera, na haruhusiwi kusema neno, hata kukohoa kwa maana. Kisha tunanyamaza wote. Hajati hana haraka. Mwishoni anauliza swali moja tu: "Huyu ni mwanao. Nimpe?" Mama akisema ndiyo, anapewa. Akisema hapana, Hajati hamwulizi kwa nini. Anasema, asante kwa kuzaa, anaichukua bunduki anairudisha kwenye kioo, na mimi naleta chai.

Mama, nimeyaona mambo katika kiti kile mpaka nikitoka pale natembea kama mtu aliyetoka kanisani. Nimeona bwana mkubwa wa gari mbili, anayeitwa mheshimiwa na kila mtu, amesimama mlangoni jasho linamtiririka, na mama yake mzee wa vazi la gomesi la zambarau ameipakata bunduki, anamtazama tu. Mwishowe mama akamwuliza, "Unamkumbuka kuku wa jirani?" Basi, hilo tu. Yule bwana akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa tai. Mama akamgeukia Hajati akasema hapana. Mpaka leo hatujui yule kuku alifanywa nini. Wandera anasema atakufa na swali hilo. Lakini wao wawili walijua, na walikunywa chai yetu, na wakaondoka mama ameshika mkono wa mwanawe kama anamvusha barabara.

Mwingine alikuwa mama mwembamba kutoka milima ya magharibi, kule nyati wanapoingia mashambani. Alipopewa ile bunduki aliiegemeza begani, na mikono yake, yenyewe tu bila yeye kujua, ikaanza kuipigapiga polepole kama anayembembeleza mtoto acheue. Niliposhtuka na yeye akashtuka. Akatazama mikono yake, akaanza kucheka, na machozi yakatoka. Kisha akasema mpe, huyu hata nyoka akimwona ananiita mimi kwanza. Akapewa. Niliwaza nimekosea kusikia, kumbe ndivyo ilivyo, si kila mama anakuja kukataa. Mama anakuja kusema anachokijua.

Na yupo mmoja aliyebakiza miezi michache tu kufika arobaini. Akasema heri asubiri kuliko kumleta mama yake. Hajati akamwambia kwamba katika wateja wote, mama yake huyo ndiye ambaye angependa sana kuonana naye.

Sasa nije kwa Olal.

Unajua tangu alipovamiwa njiani akiwa na lori la karanga amekuwa akitafuta ruhusa ya kumiliki bastola. Nakuambia ukweli, sikudhani ataipata. Ameipata. Karatasi zote zimekamilika, na umri wa serikali ameshaupita. Alikuja nyumbani Jumapili moja baada ya kushusha mizigo Kalerwe, amemletea Lakica unga wa uji, akambeba, akamwimbia zile nyimbo za kijinga za kambini mpaka mtoto akalala, na mimi nikapata kulala kidogo kwenye kiti. Nilipoamka alikuwa amesonga ugali wa posho na ameosha sufuria. Ndivyo alivyo mwanao, wewe unamjua. Tukala. Ndipo akanionyesha karatasi.

Nikamwuliza bastola ni ya barabarani au ni ya nyumbani. Akaanza kuzikunja karatasi. Nikamwuliza tena, nikamtajia Baba mdogo Okidi kwa jina. Akasema mimi nimekaa mjini, sijaona. Akasema Okidi amepanda mihogo mpaka kichwani pa kaburi la Baba, kwamba msalaba sasa unachungulia katikati ya majani, na kwamba alikuambia mbele ya watoto kuwa mwanamke wa Busia hana ardhi Omoro, ana mlango tu, na mlango una njia mbili. Mama, hukuniambia neno hilo la mlango. Kwenye simu uliniambia mnaendelea na vikao vya ukoo na wazee wanasikiliza vizuri.

Olal alisema hataki kumpiga mtu. Anataka tu Okidi aione kiunoni siku ya kikao. Aione tu, basi. Nikamwambia kule kambini tuliona watu wengi walioanza na kuonyesha. Akasema mimi ni mwoga kama kawaida. Nikamwambia kama anaitaka kwa Hajati, yeye ana miaka ishirini na sita, sheria ya duka anaijua, amlete mama. Akasema kwani maduka yameisha Kampala. Nikamwambia aende basi huko kwingine. Lakini huko hakwenda, na nadhani najua kwa nini. Bastola aliyokuwa ameitamani aliiona kwetu, mimi nikiifuta vumbi.

Akaja dukani Alhamisi, saa za mchana. Mimi niko kaunta, Lakica mgongoni. Alivaa shati la harusi ya Ogwal na mimi. Wandera alimpokea kwa furaha, mjomba huyu huyu, akamwuliza mama yuko wapi, anaegesha gari? Olal hakucheka. Akamsalimia Hajati kwa heshima zote, akaweka karatasi, Hajati akazisoma, akamwambia ziko safi, kijana wangu, na sasa mama?

Hapo, Mama, naomba ukae chini kama umesimama.

Olal akasema, mama yetu alishafariki.

Alisema akiangalia kaunta. Sheria ya duka ina jambo sijakueleza, kama mama amefariki anakuja mwanamke aliyemlea mnunuzi. Na mimi ndiye niliyembeba mgongoni wewe ukiwa unauza mboga Kalerwe, mpaka watu wa kambini wakaniita mama Olal nikiwa bado natoa ulimi nikiandika. Akaendelea kusema, bila kuinua macho, kwamba aliyemlea ni dada yake, na dada yake ndiye huyu hapa.

Nilikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji. Nilikuona wewe kwenye simsim umeinama, na palepale nikakuona umelala chini ya mihogo ya Okidi pamoja na Baba. Hajati akasimama, hakuniuliza hata mbona sikumwambia. Akarekebisha ushungi wake, akainua viganja, akakuombea, Mama. Alikuombea kwa Kiarabu na kisha kwa Kiswahili, kaburi lako lipanuliwe na liwe na nuru. Wandera akavua kofia. Nilisimama pale nasikiliza dua ya maziko ya mama yangu, na mwanangu ananing'ata bega.

Hajati akakaa. Akamwuliza Olal kwa upole sana, "Na arobaini, imeshapita?"

Mama, wewe unajua Hajati aliuliza nini. Kila mtu aliyekaa na Waislamu anajua, anauliza kama dua ya siku ya arobaini ya marehemu imeshasomwa. Lakini Olal kichwani mwake arobaini ilikuwa moja tu, ile ya mlangoni. Akajibu haraka, kama mtu aliyeulizwa na afande:

"Bado, Hajati. Imebaki miaka kumi na minne."

Wandera alianza kucheka na akakimeza kicheko kikageuka kikohozi. Hajati hakucheka. Alirudia taratibu, arobaini ya mama yako imebaki miaka kumi na minne. Olal akatambua. Niliona shingo yake inabadilika rangi kuanzia kwenye kola. Ndipo Hajati akageuza uso, akaniangalia mimi. Hakuuliza. Ile ile namna yake ya kutokuwa na haraka.

Nikasema, "Hajafa, Hajati. Jana amenipigia simu kuuliza kama mtoto ametoa jino."

Olal akanigeukia, akaniambia nimemwua mbele za watu. Nikamwambia hapa aliyeua ni mmoja tu na si mimi. Nilisema kwa sauti ile niliyokuwa namkemea nayo akicheza kwenye mtaro wa kambi, na alisimama vilevile alivyokuwa anasimama, mikono nyuma. Nilitamani kumpiga na nilitamani kumbeba. Hajati akaziweka karatasi zake pamoja, akazinyoosha kwa kiganja, akamrudishia. Akasema, "Bastola bado iko kwenye kioo, na tayari mtu mmoja amekufa."

Nilidhani atamfukuza na asikanyage tena. Mama, mimi ningemfukuza. Lakini alimwambia hivi: sheria ya nyumba yangu haisemi uje na ukweli, inasema uje na mama. Mlete. Akiipakata akasema ndiyo, nitakuuzia, na haya niliyoyasikia leo hayatafika masikioni mwake kupitia kwangu. Wandera akauliza hata baada ya hili, Hajati? Akasema hata baada ya hili, kwa maana mimi nimemjua kijana huyu kwa adhuhuri moja, yeye amemjua tangu alipokuwa teke tumboni. Nimefuta vumbi la duka lile miaka yote hii nikidhani Hajati anawatumia akina mama kusema hapana. Kumbe anaamini kweli. Ameweka biashara ya baba yake, na jina lake, na usingizi wake, mapajani mwa wanawake asiowajua.

Baada ya Olal kutoka, aliniambia nisiende nyumbani na hasira. Na hakunikataza kukuandikia.

Kwa hiyo atakuja, Mama. Labda atafika kabla au baada tu ya Laker. Hatakuambia bastola. Atakuambia nimechoka na nahitaji msaada na mtoto, nalo si uongo. Atakuambia ukaonyeshe macho kwa daktari. Atakushika begi, atakununulia soda njiani, na mkifika mjini atasema tupite kidogo kwa Hajati, anataka kukusalimia. Usimchukie. Alipofika nyumbani siku ile usiku hakulala, alinipigia akaniuliza kama kumtaja mtu amekufa kunaweza kumletea kitu kibaya. Nikamwambia akuombe msamaha wewe, si mimi. Kama bado hajaomba, nakuomba mimi kwa niaba yake, hapa.

Na sasa kuna neno moja ambalo sijamwambia mtu, hata Ogwal, hata Hajati aliponisifu kwamba nilisimama kwenye kweli.

Sikusema uko hai kwa ajili ya kweli peke yake. Hajati alipokuwa anakuombea, mimi nilikuwa natazama kile kiti cha mto wa kijani. Nilijua kwamba nikinyamaza, nitakaa pale. Nitaipakata ile bastola ambayo nimeifuta kwa mikono hii. Hajati ataniuliza, huyu ni mwanao, nimpe? Na niliusikia ulimi wangu, Mama. Ulikuwa unasema ndiyo. Kwa sababu ya mihogo ile kwenye kichwa cha Baba. Kwa sababu ya neno la mlango. Kwa sababu mimi pia nataka Okidi aione. Mimi ninayemnyooshea Olal kidole, mimi wa kanisani, mimi mwenye mtoto mgongoni, ningesema ndiyo, na ningeisema vizuri. Nilikuogopa wewe ukiwa umekufa, kwa sababu ningebaki mimi. Ndiyo maana nikakufufua haraka.

Tangu siku hiyo nawapokea akina mama kwa mikono miwili, na hainijii tena kukisia watasema nini.

Sitakuambia useme hapana. Ningetaka, na nimeandika neno hilo kwenye karatasi nyingine nikaichana. Wewe ndiye unayelala karibu na lile kaburi, wewe ndiye uliyeambiwa habari za mlango. Na Olal unamjua. Labda unajua jambo lake ambalo mimi niliyembeba sijui, zuri au baya, kama yule mama na kuku wake. Nitakukalisha mwenyewe. Nitakuletea maji. Nitasimama nyuma ya kiti ili usinione uso, na nitamzuia Lakica asikunyang'anye.

Nakuomba kitu kimoja tu, na hapa nasema kwa ukali kidogo, unisamehe. Usimjibu njiani. Njia kutoka Omoro ni ndefu na yeye ana ulimi mtamu, ataanza kukulainisha kabla hamjavuka Nile pale Karuma, na mkifika Luwero utakuwa umeshamwahidi. Mwambie goti linauma. Mwambie umelala. Mjibu ukiwa umeipakata.

Ogwal anakusalimu kutoka majini. Wandera anasema dada yake wa Busia akija asinunue chai mahali popote, ya kwake ipo. Hajati anakusalimu na kukutaka radhi kwa dua ile. Anasema haitapotea, itakaa inakungoja mpaka siku yake, na siku hiyo Mungu aiweke mbali. Lakica amekwisha kulala kwenye karatasi, ndiyo maana pembe hii imelowa.

Ni mimi binti yako mkubwa, ninayekuhitaji uwe hai,

Lanyero